Shajara ya mradi wa kumbukumbu: Mkomani, Lamu, Rajabu hadi Mfunguo Tatu

Rajabu

Mradi huu ulianza kwa malalamiko ya aina moja yaliyokuwa yakirudiwa barazani kila siku baada ya laasiri, kwamba kichwa hakishiki tena. Aliyelalamika zaidi alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nahodha mmoja aliyeacha bahari kwa sababu ya magoti alisema kwamba angali anayajua mafungu na miamba yote ya njia ya Kiwayu, ila hajui alipoiweka miwani yake asubuhi ile. Wanawake wa nyumba ya pili waliposikia kwamba tunapanga kulishughulikia jambo hili wakataka nao wahesabiwe, kwa hiyo tangu mwanzo makundi yamekuwa mawili: wanaume hukutana barazani, wanawake hukutana kiwandani, yaani uani, kwa mama anayeuza mahamri, na daftari moja huzunguka kati ya pande hizo mbili. Kwa kuwa niliwahi kuwa karani, mimi ndiye niliyekabidhiwa kuliandika.

Lengo lilielezwa waziwazi siku ya kwanza ili asije mtu akatarajia muujiza. Tunatafuta tabia ndogo za kila siku, zisizohitaji fedha wala vifaa, zitakazomsaidia mtu mwenye afya ya kawaida kusahau kidogo kuliko anavyosahau sasa. Hatutibu ugonjwa wowote. Aidha hatukutaka kuanza na mawaidha; tulitaka kwanza kujua watu wanasahau nini hasa, kwa maana linalomsaidia anayepoteza funguo huenda lisimfae anayesahau majina. Kila mmoja aliombwa aandike, au amwambie mjukuu amwandikie, kila alichokisahau kwa muda wa juma zima.

Tulipoyakusanya majibu, mambo yalijigawa yenyewe. Fungu kubwa lilikuwa la vitu: funguo, miwani, simu, tasbihi, kadi ya kliniki. La pili lilikuwa la mambo ya kufanywa kwa wakati wake, hasa dawa ya presha, ambayo mtu hujiuliza adhuhuri kama aliimeza asubuhi au alidhani tu kwamba ameimeza. Kisha yakaja majina, na mwisho maneno ambayo watu wameagizwa kuyafikisha. Hakuna aliyeandika kwamba amesahau njia ya kwake, namna ya kupika wali wa nazi, wala sura anazosoma katika swala. Hilo lilitupa faraja na pia lilituonyesha pa kuanzia, kwa sababu vitu vya fungu la kwanza, kwa kweli, havikusahauliwa. Havikuwahi kuingia kichwani. Mtu aliyeziweka funguo huku akizungumza na simu hana kumbukumbu ya kuipoteza.

Nafasi ya akili ya kushikilia mambo kwa muda mfupi ni ndogo mno. George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1956 kwamba mtu huweza kushikilia mambo kama 7 hivi kwa wakati mmoja, na Nelson Cowan mwaka 2001 akaishusha hesabu hiyo hadi karibu 4. Niliyaona hayo kwa macho yangu nilipokwenda kununua mahamri asubuhi moja. Mtoto aliagiza mahamri kumi na bakuli la mbaazi, na kabla hajamaliza, mtu mwingine akauliza kama vitumbua vimebaki, huku fundi wa jirani akinyoosha noti ya shilingi mia tano na kudai chenji. Mama aliupeleka mkono kwenye sufuria ya mbaazi, akasimama, akamgeukia mtoto: "Ulisema mangapi, mwanangu?" Hapo hapakuwa na ugonjwa wa kusahau, palikuwa na maagizo matatu yaliyogombania mlango mmoja. Tabia tuliyokubaliana naye ni kulirudia agizo kwa sauti kabla ya kugusa chombo, na kumwambia anayefuata angoje mpaka la kwanza litoke mkononi. Anasema mwanzoni wateja wawili watatu walidhani anawaringia, na kwamba sasa wao wenyewe humrudishia agizo kabla hajawauliza.

Kuhusu vitu, kila mshiriki alichagua mahali pamoja na hapo pakawa pa kudumu. Nyumba za mawe za Mkomani zina zidaka, yaani vishubaka, ukutani, na hakuna kilichokuwa rahisi kuliko kutenga kidaka kimoja kwa funguo na miwani. Asiye na kidaka alipigilia msumari karibu na mlango. Sharti ni kwamba kitu kitue hapo kabla ya mtu kuketi au kupokea kikombe cha chai, na kwamba kwa siku za mwanzo aseme kwa sauti, "funguo kidakani," hata kama wajukuu watamcheka. Sauti hiyo huilazimisha akili ihudhurie.

Wapo waliouliza kwa nini tupoteze muda na mambo ya mazoea ilhali tunataka kuimarisha kumbukumbu. Niliwaeleza habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kupunguziwa kifafa, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, na tangu hapo akashindwa kuweka kumbukumbu mpya za matukio mpaka alipofariki mwaka 2008. Mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, mtu huyo alizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila siku alidhani hajawahi kuifanya kazi ile. Mazoea ya mkono, basi, yana njia yake katika ubongo isiyotegemea ile inayohifadhi matukio, na kinachoweza kubebwa na mazoea hakuna sababu ya kukitwika kumbukumbu.

Dawa ya presha tuliifunga na jambo ambalo mtu halisahau. Badala ya kusema "asubuhi", mshiriki husema "nikitoa salamu ya swala ya alfajiri na kukunja mswala, nitameza kidonge." Kwa wale wanaojiuliza adhuhuri kama wameshameza, vikopo saba vidogo, kimoja kwa kila siku ya juma, vilimaliza ubishi wote, maana kikopo kitupu ni shahidi. Waliotumia vikopo waliambiwa wamuulize mfamasia kwanza, kwani vipo vidonge visivyofaa kutolewa kwenye pakiti kabla ya wakati wake.

Shaabani

Mwezi huu tuliingia katika jambo ninaloliona kuwa kiini cha mradi mzima, na ningeombwa kubakisha tabia moja tu kati ya zote, ningeibakisha hii. Mtu anapotaka jambo limkae kichwani hulisoma tena na tena. Kila anapolisoma linakuwa jepesi zaidi machoni, naye huuchukua wepesi huo kuwa dalili kwamba limeingia. Sivyo. Jambo hukaa kwa kutolewa kichwani, bila kulitazama, na kutolewa tena baada ya muda kupita.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha kupima ni kiasi gani cha kazi anaokoa anapozijifunza upya. Baada ya dakika 20 alikuwa akiokoa asilimia 58 hivi, baada ya siku moja kama asilimia 34, na baada ya mwezi asilimia 21 au karibu yake. Kinachofaa kuangaliwa hapo ni umbo la upotevu wenyewe: sehemu kubwa huondoka siku ile ile, kisha mwendo hupungua. Ndiyo sababu kulirudia jambo jioni ya siku uliyoambiwa, hata kwa dakika chache, kuna faida.

Jaribio la pili tulilolijadili ni la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, lililochapishwa Marekani mwaka 2006. Wanafunzi walipewa makala ya kusoma; wengine waliisoma mara nne, wengine wakaisoma mara moja na kisha wakajaribu mara tatu kuandika walichokumbuka, pasipo kuitazama. Dakika 5 baadaye waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojihoji walikumbuka asilimia 61, na waliosoma tu asilimia 40. Mwalimu wetu mstaafu alinyamaza aliposikia hayo, kisha akauliza ni miaka mingapi watoto wamekuwa wakiambiwa "someni tena" bila ya mtu kuwaambia wafunge kitabu.

Hata hivyo watu wa Lamu hawakuhitaji kufundishwa jambo hili na vyuo vikuu vya Marekani. Mtoto wa chuoni hahifadhi Kurani kwa kuitazama tu: huufunga msahafu, akasoma mbele ya maalimu, akikwama hupewa neno moja la kumfungulia, akaendelea, na somo jipya halimwondolei la jana wala la juma lililopita, kwa sababu maalimu humrudisha nyuma kila mara. Ndani ya desturi hiyo zimo kanuni zote mbili, ya kulitoa jambo kichwani na ya kulirudia kwa kuachanisha siku. Kinachonishangaza ni kwamba mtu aliyehifadhi juzuu nzima kwa njia hiyo, akishakuwa mtu mzima na akataka kukumbuka maelekezo ya daktari, hukisoma kikaratasi mara nne mfululizo na kukirudisha mfukoni. Maalimu mmoja anayeketi nasi alicheka nilipomwambia hivyo. "Kumbe tulipotoka chuoni tuliiacha fimbo na elimu pamoja," akasema.

Tabia iliyotokana na mjadala huo ni ya kabla ya kulala. Simu huwekwa mbali, na mshiriki huipitia siku yake tangu alfajiri: alikutana na nani, aliambiwa nini, aliahidi nini, anadai au kudaiwa kiasi gani. Huyasema yote kwanza, na ndipo hufungua daftari au kumuuliza mwenziwe ili kuhakikisha. Mpangilio huo ndio wenye kazi, kwa hiyo anayefungua daftari kwanza hajafanya zoezi. Lililo muhimu zaidi hurudiwa tena kesho yake, kisha baada ya siku tatu nne, kisha baada ya juma. Mama wa mahamri ameligeuza zoezi hili kuwa la biashara: kila jioni hutaja madeni ya wateja wake mmoja mmoja kabla ya binti yake kufungua kitabu cha mikopo, na binti huweka alama palipokosewa. Kukwama, tuliwaambia watu, si hasara. Juhudi ya kulitafuta jambo lililojificha ndiyo inayolikaza, mradi jibu sahihi lije mara baada yake.

Nahodha alikuwa na lake. Alieleza kwamba yeye haikumbuki miamba kama orodha. Huipita, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba yumo chomboni. Hiyo ni njia ya kale sana. Cicero, mwandishi wa Kirumi, alisimulia kisa cha mshairi wa Kigiriki Simonides, ambaye paa la ukumbi wa karamu lilipoanguka aliweza kuwatambua maiti kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Tangu hapo watu wameitumia nyumba kama mahali pa kupangia mambo ya kukumbuka, na sisi tuna nyumba ambazo vyumba vyake vinafuatana kwa mpangilio usiobadilika: daka, tekani, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, nyumba ya kati. Nahodha aliitumia alipotumwa dukani Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ndoano aliziona zimening'inia mlangoni pa daka zikimnasa kofia. Sukari imemwagika tekani na sisimizi wanaipanda hadi ukutani. Kiwandani punda amekaidi, anatafuna vitunguu. Sabuni imeyeyuka msanani na bibi yake ameteleza. Alirudi na vyote, ingawa bibi hakupendezwa na sehemu yake katika hadithi hiyo.

Lazima niseme kwamba wengi waliifurahia njia ya nyumba lakini wachache wameiendeleza. Inataka kazi ya kubuni, na kwa manunuzi ya kawaida karatasi inatosha. Nimeandika hapa kama uamuzi wa mradi kwamba kuandika orodha si ulemavu wa akili. Mtu aiandike orodha yake, ajaribu kuikumbuka akiwa njiani, kisha aifungue akiwa mlangoni pa duka.

Ramadhani

Mikutano ilipunguzwa na kusogezwa baada ya tarawehe, na maingizo ya mwezi huu ni machache. Jambo lililojitokeza ni usingizi. Kati ya tarawehe, mazungumzo ya barazani, kahawa na daku, wapo waliokuwa wakilala vipande vipande tu, na hao ndio walioandika usahaulifu mwingi zaidi katika daftari. Hilo halikutushangaza. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walionyesha kwamba mtu aliyejifunza jambo kisha akalala hulikumbuka vizuri kuliko aliyekaa macho kwa muda ule ule, na utafiti uliofuata umeeleza kwamba wakati wa usingizi mzito ubongo huyapitia tena mambo ya mchana na kuyahamisha polepole kutoka hipokampasi kwenda kwenye gamba la ubongo, ambako hukaa kwa muda mrefu.

Tulikubaliana kuhusu mambo mawili tu: usingizi mfupi wa adhuhuri usiozidi nusu saa, na kahawa ya mwisho kunywewa mapema baada ya kufuturu. Vijana wanaotafuna miraa usiku kucha waliambiwa neno moja wakalisikia kwa sikio moja. Waliokuwa na dawa za presha na sukari walielekezwa kuuliza kliniki namna ya kupanga saa za dawa wakati wa saumu, kwani hilo si la kuamuliwa barazani.

Mfunguo Mosi

Idi ilikuwa mtihani wa majina. Katika siku zile nyumba hujaa watoto wa watoto, wengine wametoka Mombasa na wengine Malindi, wote wamevaa vipya na wote wanamjua babu ilhali babu anawajua nusu yao. Mwalimu alieleza aibu yake: humshika mtoto mkono, humwambia "mashaallah, umekua," na kumtia noti mfukoni, huku akiomba mtu alitaje jina kabla mtoto hajaondoka.

Jina peke yake ni gumu kulishika kwa sababu halina pa kujishikiza. Kazi ya mtu, nyumba yake na ukoo wake vinaungana na mambo mengine tunayoyajua, lakini jina lingeweza kuwa lolote. Tabia tuliyoijaribu ilikuwa kulipa jina mizizi papo hapo. Mtoto anapojitaja, mzee hulirudia jina akimtazama usoni, humuuliza ni wa nani na alipewa jina la nani, kisha hulitumia katika sentensi moja kabla ya kumwachia mkono. Nilikuwapo mwalimu alipofanya hivyo kwa msichana wa miaka saba hivi aliyekuwa na hina hadi viwikoni. Alimuuliza jina, akalirudia, akauliza nani alimpa jina hilo, akajibiwa kwamba ni jina la nyanya yake mzaa mama. "Basi wewe ni somo wa mwanamke aliyenifundisha kula embe kwa pilipili," mwalimu akamwambia, akamtaja tena kwa jina na kumpa idi yake. Jioni, alipoipitia siku yake, jina hilo lilikuwa la kwanza kumjia, nyanya na embe vikiwa vimeandamana nalo. Kwa wale aliowasalimia kwa haraka mlangoni, hakukumbuka hata mmoja, nasi hatukutarajia.

Wanawake walikuwa mbele yetu kwa mbali katika sehemu hii, kwa kuwa wao huzungumza nasaba kila wakutanapo, na kila jina jipya hukuta matawi yamekwishatandazwa.

Mfunguo Pili

Mzee mmoja, ambaye watoto wake walikuwa na hakika kwamba akili yake inamtoka, alilalamikiwa zaidi ya wote kwa kusahau anachoambiwa. Huambiwa asubuhi kwamba mashua ya mafundi itakuja adhuhuri, na adhuhuri hushangaa mafundi wametoka wapi. Tulipomjaribu kwa zoezi la usiku, aliyoyaona aliyakumbuka vizuri. Aliyoyasikia ndiyo hayakuwapo. Alipelekwa zahanati, na ikaonekana kwamba masikio yake yameziba kwa nta iliyoganda. Yalisafishwa. Tangu siku hiyo anajua mashua inakuja saa ngapi, na pia anajua mambo kadhaa yaliyokuwa yakisemwa juu yake akiwapo.

Kisa hicho kilitufanya tusimamishe mazoezi kwa muda na kuushughulikia mwili, kwani sikio, jicho na mishipa ya damu ndiyo inayoihudumia kumbukumbu. Jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni na ambayo yanaweza kubadilishwa, likakadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake yamo kupungua kwa usikivu, kupungua kwa uwezo wa kuona kusikotibiwa, presha ya juu, sukari, sigara, msongo mzito wa huzuni, kukaa bila mazoezi, na upweke. Katika mji ambao chai hunywewa kwa vijiko vitatu vya sukari na presha hupimwa mtu akishaanguka, orodha hiyo ilisomwa kwa utulivu. Kila mshiriki sasa amepimwa presha na sukari, na wawili wanasubiri kupimwa usikivu.

Tuliandika pia mambo ambayo yakionekana mtu hapaswi kuletwa barazani bali kwa daktari: kupotea katika vichochoro alivyovizoea, kusahau hatua za kazi aliyoifanya maisha yote, kuuliza swali lile lile mara kwa mara ndani ya saa moja, au kubadilika tabia. Vipo vyanzo vinavyotibika, kama vile upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, huzuni ya muda mrefu, na baadhi ya dawa, zikiwamo dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi, ambazo watu hujinunulia dukani bila kuuliza. Kuchanganyikiwa kunakotokea ghafla, hasa kukiandamana na mdomo kwenda upande au mkono kulegea, ni jambo la kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Kutembea kuliingizwa kwenye mradi kwa ushahidi ulio wazi. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha matokeo ya watu wazima 120 wasiozoea mazoezi. Nusu yao walitembea kwa kasi dakika 40, siku 3 kwa juma, na baada ya mwaka hipokampasi zao zilikuwa zimeongezeka ukubwa kwa asilimia 2 hivi, wakati za wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu zilipungua kidogo. Mwendo wa kutoka mjini hadi Shela kwa kufuata pwani ni kama kilomita 3, yaani karibu dakika hizo hizo kwa mtu asiyesimama kusalimia kila jahazi. Wanawake huondoka mara baada ya alfajiri, wanaume baada ya laasiri, na nahodha, kwa ajili ya magoti yake, huenda nusu ya njia na kurudi. Mvua za masika zimetukatisha mara kwa mara, na maji yakijaa sana sehemu za njia hazipitiki, kwa hiyo mtu huangalia maji kwanza.

Swali la dhumna lilizuka hapa pia, maana waliokuwa hawataki kutembea walidai kwamba mchezo unanoa akili vya kutosha. Jibu langu lilikuwa kisa cha mwanafunzi mmoja wa Marekani, ambacho K. Anders Ericsson na wenzake walikichapisha mwaka 1980. Kwa mazoezi ya zaidi ya saa 200 mwanafunzi huyo alifikia kurudia tarakimu 79 alizosomewa mara moja, kutoka 7 za mwanzo, lakini alipopewa herufi badala ya tarakimu alirudi kwenye 6 hivi. Alikuwa mkimbiaji, naye alizigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio. Ujuzi wake ulikuwa wa tarakimu, haukuwa wa kumbukumbu yote. Dhumna, basi, humfanya mtu kuwa hodari wa dhumna. Nimeongeza kwa haki kwamba kuketi na wenzake badala ya kujifungia ndani kuna faida yake, na kwa faida hiyo meza ya dhumna imebaki ilipokuwa.

Mfunguo Tatu

Hali ya mradi mpaka sasa ni kama ifuatavyo. Mahali pa kudumu pa vitu pameshika kwa karibu kila mtu, na ndipo penye mafanikio ya haraka zaidi. Vikopo vya dawa vimeshika kwa wazee wote walioanza navyo. Zoezi la usiku limeshika zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume, na sababu iliyotajwa ni kwamba wao hulifanya wawili wawili, mama na binti au mtu na wifi yake, ilhali mwanamume hulifanya peke yake na usingizi humshinda katikati. Tumewaomba wanaume wachague wenza, na mwalimu amekubali kumsikiliza nahodha kila baada ya swala ya isha. Matembezi yanategemea hali ya hewa. Njia ya nyumba imebaki kwa nahodha na kwa vijana wawili wanaoipenda.

Binti wa mama wa mahamri, aliye kidato cha tatu, ameomba mradi umsaidie na somo la baiolojia, na ombi hilo limekubaliwa kuwa hatua inayofuata. Tutatumia njia iliyoelezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972: kila neno la somo huandikwa kwenye kadi, maana yake nyuma, na kadi hupangwa katika sanduku lenye sehemu tano. Kadi iliyojibiwa sawasawa husogezwa sehemu ya mbele, ambako huulizwa kwa nadra zaidi; iliyokosewa hurudi sehemu ya kwanza na kuulizwa kesho yake. Seremala wa mtaa wa Langoni amekwisha kupewa vipimo. Ametaka kujua kama sanduku litiwe nakshi, na binti amesema nakshi ingoje matokeo ya mtihani. Kadi zitakatwa kutoka kwenye maboksi ya biskuti, na mwalimu ndiye atakayekagua maana zilizoandikwa nyuma kabla hazijaanza kutumika, kwa sababu kosa likikaririwa kwa njia hii litakaa kama lilivyo.